Ile skrini nyeusi haiumi: amri za kuandika na picha za kufinya



Nianze na usiku mmoja. Nilikuwa finaliste, na kesho yake nilipaswa kupeleka TFC yangu isomwe mara ya mwisho. Ordinatere ilikuwa ya kuazima, na kazi yote ya miezi 8 ilikuwa ndani ya kle moja ya USB. Mchana nilikuwa nimeipeleka fasi wanachapa karatasi, nikatoa kurasa chache za kwanza, nikarudi nyumbani. Usiku umeme ulipokuja, nikaingiza kle. Dosye zangu zote hazikuweko. Pahali pake kulikuwa na vialama vidogo vyenye mshale, na kila nilipofinya kimoja, ordinatere ilileta ujumbe wa kosa. Kle yenyewe ilisema imejaa nusu, lakini ndani hakuna kitu.

Mwenzangu mmoja wa chumba akasema: "Ni virusi. Formate tu, uanze upya." Kuanza upya! Watu niliowauliza maswali walikuwa wamekwisha kutawanyika, na makaratasi ya anketi mengine yalikuwa yameloa mvua. Nilikaa kimya. Kiisha nikamwita yaya mmoja wa promosion ya mbele yetu. Akanijibu neno moja: "Usiguse kitu, ninakuja."

Alipofika hakufinya picha yoyote. Alifungua dirisha jeusi, lile nililokuwa nimeliona tu katika filme za wezi wa intaneti, akaandika mstari mmoja:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Tukangoja kidogo. Akafungua kle tena. Dosye zote zilikuwa mle, TFC ndani yake, hakuna hata ukurasa mmoja ulioharibika. Nikamuuliza amezirudisha namna gani. Akacheka: "Sikurudisha kitu. Zilikuwa humo tu. Zilifichwa, na Windows ilikuonyesha ile inapenda kukuonyesha."

Neno hilo halijanitoka kichwani hata leo. Miaka yote ya masomo nilifikiri kutumia ordinatere ni kujua wapi pa kufinya. Usiku ule niligundua kwamba picha za kufinya ni njia moja tu ya kusema na mashini, na kuna njia ingine ya zamani kuliko hiyo, ambayo wengi wetu tunaiogopa bure. Leo nataka tuzilinganishe hizo mbili bila ushabiki: ipi ni rahisi, kwa nani, na wakati gani.

KUONYESHA KIDOLE NA KUSEMA KWA MDOMO

Chukua mfano wa soko. Ukiingia sokoni na hujui kitu kinaitwaje, hakuna shida. Unanyoosha kidole: "Nipe ile." Muuzaji anakupa. Hukuhitaji kukumbuka jina, ulihitaji kuona tu na kutambua. Hiyo ndiyo kazi ya madirisha, vialama na menyu: kila kitu kimepangwa mbele yako, wewe unaonyesha kwa kipanya ao kwa kidole. Wataalamu wanasema kutambua ni kwepesi kuliko kukumbuka, na ni kweli. Mtoto wa miaka 4 anafungua michezo ku telefone ya mama yake kabla ya kujua kusoma.

Lakini sasa wewe uko Beni, na soko iko Butembo. Kidole chako hakifiki. Unapaswa kumtuma mtu, na kwa kumtuma unahitaji maneno: "Lete kilo 2 za viazi na makopo 3 ya maharagi, kama maharagi hakuna, lete sombe, na kila siku ya soko ufanye vile vile." Ona jinsi sentensi hiyo inabeba mambo mengi: hesabu, sharti, na kurudilia. Kidole hakiwezi kusema "kama". Kidole hakiwezi kusema "kila siku ya soko". Neno linaweza, na tena linaweza kuandikwa kwa karatasi, kutumwa, na kusomwa na mtu ambaye hakuwepo.

Amri za kuandika ni maneno ya namna hiyo. Ule mstari wa attrib ni sentensi kamili. Alama ya kutoa inasema "ondoa". H ni kufichwa, r ni kusomwa tu bila kubadilishwa, s ni fishye ya sistemu. /S inasema "ingia ndani ya dosye zote", na /d inasema "hata dosye zenyewe". E ni herufi ya kle. Kwako inaweza kuwa F ao G, angalia kwanza. Virusi ilikuwa imebandika dosye zangu alama mbili, ya kufichwa na ya sistemu, ili mimi nifinye vile vialama vyake vya mshale na kuieneza.

Mtu atasema: hata kwa picha unaweza kuomba Windows ionyeshe vilivyofichwa. Ndiyo, kuna chaguo hilo katika menyu, na kuna lingine la pili kwa fishye za sistemu. Lakini ukitaka kuondoa alama yenyewe kwa kufinya, utakuta kile kisanduku cha "kufichwa" kimefifia na hakikubali, kwa sababu dosye imebandikwa alama ya sistemu. Aliyechora dirisha hakukupangia mlango pale. Amri ilikuwa na mlango. Na musisahau: amri ile haiui virusi, inafunua tu mali yako. Kiisha unapaswa kufuta vile vialama, kupitisha antivirusi, na kuweka kopi fasi mbili tofauti.

KILA NJIA NA WAKATI WAKE

Kwa nini amri ni fupi na ngumu vile? Sistemu ya Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs kule Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Watu wa wakati ule hawakuwa na skrini zenye picha. Waliandika ku mashini sawa vile ya kuchapa barua, yenye kwenda polepole, na jibu lilitoka kwa karatasi. Kila herufi ilikuwa jasho. Ndiyo maana kuorodhesha ni ls, kukopi ni cp, kuhamisha ni mv.

Upande wa picha nao una historia ndefu. Mwezi wa Desemba 1968 Douglas Engelbart alionyesha kipanya mbele ya watu. Mwaka 1973 kampuni ya Xerox ilitengeneza ordinatere ya Alto, yenye madirisha na kipanya. Mwaka 1984 Apple ilileta Macintosh, na mwaka 1985 Microsoft ikatoa Windows ya kwanza. Tangu pale mtu wa kawaida akaanza kuingia.

Wala si wajinga tu waliolalamika juu ya amri. Mwaka 1981 Donald Norman, mtaalamu wa akili ya binadamu, aliandika makala akisema wazi kwamba namna Unix inavyosema na mtumiaji ni mbaya sana: majina hayafanani na kazi yanayofanya, na sistemu iko kimya hata mtu anapokosea. Alikuwa na haki. Kwa mfano, ili kusoma fishye unaandika cat. Nani angebahatisha hilo? Miaka zaidi ya 40 imepita, na neno ni lile lile.

KUMBE UNAANDIKA AMRI KILA SIKU

Sasa wewe unayesema "mimi na mambo ya kuandika amri mbali mbali", chukua telefone yako. Andika *#06#. Umeona namba yenye tarakimu 15? Hiyo ni amri. Unapotuma feza kwa M-Pesa unaandika *1122#. Kwa Airtel Money *501#. Kwa Orange Money *144#. Hakuna picha, hakuna rangi, hakuna kipanya. Ni maandishi tu na namba za kujibu. Mama anayeuza samaki wa chumvi anajua namba hizo kwa kichwa, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba ni jambo la wataalamu wa informatiki.

Kwa nini zimekubalika? Kwanza zinafanya kazi kwa telefone ndogo ya vifungo, ile ya bei ya chini yenye kushika moto siku 4. Pili hazihitaji mega hata moja. Ujumbe mmoja wa namna hiyo unabeba herufi 182 tu, na unapita hata fasi intaneti inasumbua. Tatu, na hili ni la kusoma vizuri, siyo amri kavu. Unahitaji kukumbuka namba moja tu ya kuingilia. Kiisha menyu inakuongoza: 1 kutuma, 2 kutoa, na kadhalika. Kukumbuka kidogo, kutambua kwingi. Ni ndoa ya zile njia mbili.

Lakini ina maumivu yake. Ukikawia kujibu, mazungumzo yanakatika, unaanza upya. Ukikosea tarakimu moja ya namba, feza inaweza kuenda kwa mtu usiyemjua, na kuirudisha ni safari. Ndiyo maana jina la mpokeaji linapotokea kabla ya PIN, lile jina moja ni la thamani kuliko rangi zote za programu nzuri. Linakuambia: "Hiki ndicho ninaenda kufanya. Ni kweli ndivyo unataka?" Kitu cha kutumia kinakuwa chepesi kinapokujulisha hilo kabla ya kutenda, iwe kwa picha ao kwa maandishi.

SIMU KUTOKA BENI

Mwaka uliofuata, mdogo wangu mmoja wa Beni akapata shida ile ile ya kle. Kati ya Butembo na Beni ni kilomita 50 na kitu, lakini munajua barabara yetu: kuna siku za kusafiri na kuna siku za kukaa nyumbani. Kumtuma motari na kle hakukuwa mchezo. Nikajaribu kumsaidia kwa simu, kwanza kwa njia ya picha.

"Fungua dirisha la dosye. Unaona juu kuna neno la kuonyesha?"

"Sioni, yaya. Huku kuna vialama tu."

"Haya, kulia kuna nukta tatu?"

"Kuna kitu sawa vile mshale."

"Siyo huo. Rudi nyuma."

"Yaya, dirisha limefungika."

Dakika 15 za mazungumzo, na kredi inaenda. Yeye alikuwa na Windows ya zamani, mimi nilikuwa na mpya, na picha zilikuwa zimehamishwa. Mwishowe nikakata, nikamtumia SMS moja yenye ule mstari, na maelezo ya namna ya kufungua lile dirisha jeusi. Baada ya dakika 5 akaniandikia: "Zimerudi zote. Mungu akubariki."

Hapo nilielewa jambo ambalo vitabu vyetu havikutuambia. Picha hairithishwi kwa mdomo. Ukitaka kumfundisha mtu aliye mbali namna ya kufinya, unapaswa kumtumia video ao picha nyingi za skrini, na hizo zinakula mega. Amri inapita kwa SMS, kwa daftari, kwa ubao wa auditware. Mstari wa attrib ulioandikwa miaka 15 iliyopita unafanya kazi leo. Madirisha yamebadilika sura mara ngapi tangu pale?

Inaenda vile vile na mtandao wetu wenye kukatika. Unapakua fishye kubwa, umefika kati ya njia, umeme unaenda. Mara nyingi dirisha linakuambia uanze tena kwa zero, na mega zako zimekwenda na maji. Kuna programu ndogo inaitwa wget. Ukiiandikia wget -c na anwani ya fishye, ile -c inasema "endelea pale ulipoachia", na kama seva ya upande wa pili inakubali, inaendelea kweli. Na ukitaka kutumika kwa mashini iliyo Ulaya ukiwa Butembo, programu ya ssh inatuma herufi tu. Kuvuta skrini nzima ya mashini ile kwa picha, kwa mtandao wetu wa jioni, ni kungoja mpaka usingizi ukushike.

EBOLA: JIKONI NA MEZANI

Labda utasema hayo ni mambo madogo ya wanafunzi. Basi tukumbuke jambo kubwa lililotupata wote. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola upande wa Mangina, katika teritware ya Beni. Ikashika Beni, ikaingia Butembo na Katwa, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, wafu 2,287. Kila mmoja wetu anajua jina moja ao mawili ndani ya hesabu hiyo.

Katika vita ile, swali moja lilirudi kila siku: mgonjwa huyu mpya ameambukizwa na nani? Wachunguzi waliuliza familia, lakini familia zilikuwa na woga, wengine walikimbia, wengine walikaa kimya. Kwa hiyo INRB, ile taasisi ya utafiti wa tiba inayoongozwa na profesa Jean-Jacques Muyembe, ilisoma pia jeni za virusi vya wagonjwa. Virusi ikipita kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine inabadilika herufi moja moja, sawa vile karatasi inayokopiwa kwa mkono na kupata kosa dogo kila mara. Ukilinganisha makosa hayo, unaweza kuchora mti wa ukoo: huyu ametoka kwa yule.

Kwa kazi hiyo walitumia vyombo vya Nextstrain. Na hapa ndipo ninataka muangalie. Upande wa jikoni ni amri za kuandika: kusanya jeni, zipange sambamba, jenga mti, weka tarehe, toa fishye ya mwisho. Kwa nini amri? Kwa sababu sampuli mpya zinakuja wiki kwa wiki, na kila mara kazi nzima inapaswa kurudiliwa kwa hatua zile zile bila kuruka moja. Mtu aliyechoka usiku akifinya mara 60, mara ya 61 atakosea, na hakuna atakayejua alikosea wapi. Amri zilizoandikwa katika fishye hazichoki, na mwenzako anaweza kuzisoma na kusema: "Hapa, hatua ya 3, umekosea."

Upande wa mezani ni picha. Matokeo yanafunguka katika dirisha la intaneti: mti wenye rangi na tarehe. Daktari aliye katika mkutano haandiki amri yoyote. Anafinya tawi, anaona. Kwa njia ya jeni ilionekana kwamba mgonjwa mmoja aliyekuwa ametibiwa akapona, kiisha ugonjwa ukamrudilia miezi 6 hivi baadaye, ndiye aliyekuwa mwanzo wa mlolongo wa wagonjwa 91. Jambo hilo lilifundisha ulimwengu wote kwamba aliyepona anapaswa kufuatiliwa kwa muda mrefu, kwa upole na bila kumtenga.

Basi niulize: katika kazi ile, ni amri ao picha iliyokuwa nyepesi? Swali lenyewe limekaa vibaya. Bila amri mti usingejengwa kila wiki. Bila picha mti usingeeleweka na wale wenye kuamua.

Wengi wetu tunapata kazi ya kwanza hivyo, kama watu wa anketi: unapewa telefone yenye KoboCollect, unapita nyumba kwa nyumba, unafinya majibu hata pasipo mtandao. Ni chombo kizuri, kimepangwa kwa picha kwa sababu uko jua kali, mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni, na huna nafasi ya kukumbuka amri. Lakini data zinapofika, kuna mtu ofisini anayezisafisha na kuzihesabu. Mara nyingi ni yeye anayebaki na kontra wakati mradi unapomaliza anketi. Sisi tunajifunza upande wa mezani tu, kiisha tunashangaa jikoni wanaleta watu kutoka mbali.

AMRI NAYO INAUMIZA

Sitaki mutoke hapa mukifikiri amri ni dawa ya yote. Nitaje mabaya yake matatu.

La kwanza, haina huruma. Ukifuta kwa kufinya, fishye inaenda kwanza ku pubeli, na unaweza kuiokota. Ukiandika rm katika Linux, imekwenda. Hakuna pubeli, hakuna kuulizwa. Ukiandika rm -r na nafasi moja iliyokosewa, unaweza kufuta dosye nzima ambayo hukukusudia. Amri inatii kile ulichoandika, siyo kile ulichowaza.

La pili, inasahaulika. Kazi unayofanya mara moja kwa mwaka, picha ni bora, kwa sababu mwaka ujao utakuwa umesahau maneno yote. Amri inalipa kwa kazi inayorudi. Kubadilisha jina la picha moja, finya. Kubadilisha majina ya picha 400 za anketi, andika.

La tatu ndilo zito zaidi: amri ni maandishi, na siyo kila mtu anasoma. Hata ile menyu ya kutuma feza inamtupa nje mama asiyejua kusoma. Anafanya nini? Anampa mtoto wa jirani telefone, anamwambia na PIN. Kila mara tunasema "watu wetu wasitoe PIN", lakini chombo chenyewe kimemlazimisha kuitoa. Linganisha na mashini ya kupigia kura tuliyotumia tarehe 20 Desemba 2023: iwe ulikuwa na mashaka nayo ao la, ilionyesha sura na namba za wakandideti, na mzee asiyejua herufi aliweza kutafuta uso anaoujua na kuugusa. Katika jambo kama hilo, kudai watu waandike kungekuwa kuwanyima sauti.

Kwa hiyo nyinyi munaosoma informatiki, munaoenda kutengenezea hospitali, parokia, kooperative za kahawa na kakao programu zao: musianze na swali "ni ipi ya kisasa?" Anzeni na haya: ni nani atashika chombo hiki? Atakitumia mara ngapi? Yuko peke yake ao kuna wa kumwongoza? Akikosea, anaweza kurudi nyuma? Na umeme ukikatika katikati?

ANZA LEO, HATA KWA TELEFONE

Huna ordinatere? Siyo kisingizio. Kama una telefone ya Android, kuna programu ya bure inaitwa Termux. Inakupa skrini nyeusi ya Linux mfukoni mwako. Kuiweka kunaomba mega kiasi, kiisha mazoezi ya mwanzo hayahitaji intaneti.

Jifunze sita tu kwa wiki ya kwanza. pwd: niko wapi? ls: kuna nini hapa? cd: ingia ndani ya dosye. mkdir: tengeneza dosye mpya. cp: kopi. mv: hamisha ao badilisha jina. Usiguse rm mpaka hizo sita zikuzoee, na ukifika kwake, fanya ls kwanza ili uone ni nini kinaenda kufutwa. Kwa programu nyingi, ukisahau, ongeza --help nyuma ya jina lake nayo itajieleza. Ndiyo, itajieleza kwa Kiingereza. Ndiyo maana uwe na daftari. Andika kila amri mpya na maana yake kwa maneno yako, Kiswahili, Kifaransa ao Kinande, yoyote inayokaa kichwani. Baada ya miezi 3, daftari hilo litakuwa mali unayoweza kumwazima mdogo wako.

Na usiache picha. Anayejua kusema hakatwi kidole chake. Ukiwa sokoni, onyesha. Ukiwa mbali, sema.

Mimi TFC yangu niliipeleka kesho yake, saa nne asubuhi, kabla ya ofisi kufunga orodha. Juu ya ukurasa wa shukrani niliongeza mstari mmoja kwa yaya yule, na ile amri yake niliiandika kwa bic ndani ya jalada la daftari langu. Bado iko pale. Nimekwisha kuituma kwa watu wengi, na leo nimeituma kwenu.